Mizani

Saa kumi alfajiri, karai nimeteleka,
Nakaanga mahamri, moja moja yafutuka,
Na la kwanza, si la siri, kwangu huwa ni sadaka;
Mkono ukishafika, nani ataka mizani?

Tena mimi ni malenga, mashairi nayapima,
Nane na nane napanga, silabi zote ni nzima,
Bali tumbo limetanga, halijui pa kukoma;
Shairi lina heshima, mwili wakosa mizani.

Tabibu kanisomea: "Damu yako ni sukari,
Magoti yanapokea mizigo kama bandari,
Anza leo kutembea, usingoje Januari;
Mimi nataka habari, na itoke kwa mizani."

Njiani yupo Mwadime, wa Mwembe Tayari pale,
Hupima wake, waume, kwa shilingi kumi, mbele!
Akacheka, "Jitazame, mshale wapanda kule!"
Tisini na nane tele; kaitukana mizani.

Wiki ya kwanza kwa kasi, Mama Ngina nikapita,
Raba mpya na wepesi, jua likinifuata,
Viazi nikaviasi, chapati nikazikata;
Kilo mbili nikafuta, nikaibusu mizani.

Akaolewa Shemuna, mtoto wa ndugu yangu,
Biriani ya kunona iliita jina langu,
Halua, nikiiona, sijui la ulimwengu;
Siku tatu moyo wangu haukutaja mizani.

Na ubeti huu, msomaji, umezidi silabi, unajionea mwenyewe,
kwa kuwa wiki ile sikupima wala sikuhesabu: sambusa, kaimati, juisi ya ukwaju yenye sukari ya kuchotwa kwa pakacha,
na raba zangu zikabaki chini ya kitanda, paka akazalia humo.
Mstari ukinenepa hausomeki; nami kwenye ngazi ya nyumba yangu nilisimama katikati, nikihema, nimeshika ukuta, sitaki kusikia neno mizani.

Nikawa nakata kona, Mwadime asinione,
Ushungi nikaubana, nipite kama mwingine,
Siku hiyo kaniona: "Mama, njoo, usinune,
Mwembamba hata mnene huipanda tu mizani."

Akafungua kitabu, majina yamepangana,
Langu lipo, taratibu, mapengo yaonekana,
Hakuuliza sababu, kaandika, akaguna;
Mia kamili! Hakuna mzaha kwenye mizani.

Sasa mwendo ni sahali, taratibu nanyanyuka,
Nusu sahani ya wali, mchicha waifunika,
Siku nitakapofeli, kesho yake naamka;
Jua kali na masika, Jumatatu ni mizani.

Natoka na Mwanaidi, yeye mtu wa kuringa,
Hunigongea kwa hodi, mikono ingali unga,
Miguu ikikaidi, kwa umbea hunichunga;
Maili tatu za kunga, hatuitaji mizani.

Wiki hii nusu kilo, ile nyingine si kitu,
Hushuka, hupanda, ndilo jambo lenyewe la watu,
Kumbe lile gauni, lo! lanivaa kama mtu;
Imefika tisini tu, tumepatana, mizani.

Saa kumi alfajiri, karai naliteleka,
Lile la kwanza hamri hunitazama, lacheka,
Nampa paka, kwa heri, ana wana wa kudeka;
Jana nililila, cheka, kesho naja kwa mizani.